Simu za wateja wote zimegeuka 2147483647

SWALI: Nimetengeneza programu ndogo ya duka kwa MySQL (mfumo wa kuhifadhi data). Tangu nianze kuandika simu za wateja kwa kutanguliza 255, kila mteja anaonekana na namba moja: 2147483647. Mwenzangu anadai ni namba tasa. Imetoka wapi, na je, ni tasa kweli?

JIBU: Tuokoe duka kwanza. Safu yako ni ya INT (aina ya namba kamili), yaani biti 32, nafasi 32 za 0 au 1. Biti moja inashika alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 2 kipeo cha 31 ukitoa 1. Ndiyo hiyo. Simu inayoanza na 255 ni mabilioni 255 na ushei, haiingii. MySQL isiyowekwa katika hali kali haikatai: inaandika namba ya ukingoni, inaendelea na kazi. Badilisha safu iwe VARCHAR, aina ya maandishi. Simu haijumlishwi wala haigawanywi, ni maandishi tu. Zilizopotea hazirudi, waulize wateja upya, pole.

Mwenzako yuko sahihi, ni tasa. Aliyethibitisha ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, macho yakiwa yamekwisha kumwacha.

Kwa njia ya darasani ungegawanya kwa kila namba tasa hadi kwenye kipeuo cha pili, 46,340 na ushei. Hizo zinazidi 4,700. Euler alizichuja hivi. Tuseme kuna namba tasa p inayoigawanya bila baki. Basi 2 kipeo cha 31 ukiigawanya kwa p inabaki 1, na kwa kuwa 31 nayo ni tasa, lazima 31 igawanye p − 1. Tena p ni witiri, kwa hiyo p − 1 inagawanyika kwa 62. Sharti la pili: p ikigawanywa kwa 8 ibaki 1 au 7, kwa sababu 2 kipeo cha 32 ni mraba, na hapa mraba huo unaacha baki ya 2. Ukiyaunganisha, p inabaki na sura mbili tu: 248k + 1 au 248k + 63.

Ziandike uone: 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241, 1303. Humo tasa ni 311 na 1303 peke yake (1241 inadanganya, ni 17 × 73). Gawanya kwa 311, inabaki 35. Kwa 1303, inabaki 226. Hadi ufike 46,340 hujamaliza hata mara 100. Hakuna hata moja inayoingia.

Ukishamaliza na simu, kagua safu za TIMESTAMP, zile za tarehe na saa. Zinahesabu sekunde tangu 1970 kwa ukomo huohuo, na kwa saa zetu zitagota tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi.