Jicho la mtoto lililochomwa na kitu chenye ncha: kwa tabibu na muuguzi mpya wa zahanati

Msimu wa korosho watoto hushinda mashambani na wazazi wao, na kijiti, mwiba au kipande cha waya huingia jichoni. Wewe uliyepangiwa zahanati ya Tandahimba, Newala au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ndiye wa kwanza kuliona jicho hilo, na pengine jeraha lenyewe usilione. Tundu la mwiba ni dogo, hujifunga, na damu haitoki. Vijidudu vimeshabaki ndani, kwenye ute unaojaza jicho, ambako hakuna mishipa ya damu ya kuleta kinga. Bakteria wa udongoni aina ya Basilasi wanaweza kuliangamiza jicho kwa siku moja au mbili. Fangasi watokao kwenye miti huenda polepole, hata wiki kadhaa, kwa hiyo jicho lililotulia siku ya tatu usilihesabu limepona.

Muulize mzazi: "Mama, kimemchoma nini, na ilikuwa saa ngapi?" Mtoto akificha kwa kuogopa kuchapwa, muulize mwenzake waliyekuwa wanacheza naye. Jicho moja jekundu, kope zimevimba, maumivu yanazidi badala ya kupungua, kuona kumefifia: huyo ni wa rufaa leo hii, siyo wa kurudi Jumatatu.

Kumpima, mviringishe mtoto kwenye khanga, mikono ndani, akae wima mapajani mwa mama. Kukaa wima kuna maana yake: usaha ndani ya jicho hutuama chini, ukaonekana kama mstari mweupe uliolala sawasawa kwenye sehemu ya chini ya duara jeusi la jicho. Akilala chali unasambaa na hutauona. Mulika kwa tochi kutoka pembeni, linganisha macho mawili. Mboni iliyovutwa upande mmoja kama tone la maji huelekeza mahali tundu lilipo. Akikaza kope, usizifungue kwa nguvu. Mgandamizo wako unaweza kukamua vilivyomo ndani.

Kosa linaloweza kupoteza jicho ni kumpa tyubu ya tetrasaiklini na kumruhusu aende. Dawa ya mafuta haipakwi kwenye jicho lililotoboka, na matone yenye deksamethasoni (dawa ya steroidi) yanapunguza wekundu huku maambukizi yakiendelea. Kitu kilichobaki kimechomeka usikichomoe.

Funika jicho bila kuligusa. Kata karatasi ngumu ya boksi la dawa, duara la sentimita 8 hivi, ikate mstari mmoja hadi katikati, kunja iwe na umbo la koni, kisha ibandike kwa plasta kwenye paji la uso na kwenye mfupa wa shavu. Pamba iliyokandamizwa hapana. Mpe dawa ya maumivu na ya kuzuia kutapika, maana kutapika kunapandisha mgandamizo ndani ya jicho. Angalia kadi ya kliniki kuhusu pepopunda. Antibayotiki ya mshipani anza kwa kipimo cha uzito wake, ila ujue hupenya kidogo tu ndani ya jicho. Tiba yenyewe ni sindano ya antibayotiki ambayo daktari wa macho huichoma ndani ya jicho, kwa kawaida vankomaisini miligramu 1 na seftazidimu miligramu 2.25, kila moja katika mililita 0.1, na mtoto huhitaji nusukaputi.

Ndiyo maana upige simu kabla gari halijaondoka. Uliza hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), kama daktari wa macho na mtaalamu wa usingizi wapo. Kama hawapo, afadhali ujue mapema, kwani Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Uliza pia aache kula saa ngapi. Mtoto mchanga asishindishwe njaa njia nzima.

Mboni nyeupe bila historia ya kuchomwa, hasa chini ya miaka 5, inaweza kuwa saratani ya jicho. Iandike wazi kwenye barua, kwa sababu sindano ndani ya jicho hilo inaweza kueneza saratani. Andika pia saa ya jeraha, kitu kilichomchoma, dawa alizopewa, za kienyeji zikiwemo, na saa aliyokula mara ya mwisho.