Mkuu, usifunge huo ukurasa kabla hujaiona picha kwenye folda

We mkuu, hapo uliposema utabonyeza PrtSc (kile kitufe cha Print Screen cha kupigia picha ya skrini) kwenye kila ukurasa wa fomu ya maombi halafu ukimaliza ndo uzibandike zote kwenye Word, ISHIA HAPO HAPO. Lile swali lako la kupiga skrinishoti ya ukurasa mrefu unaoshuka chini tuliweke pembeni, ngoja kwanza tuzime huu moto.

Hazitabandikika zote. Itabandikika moja, ya mwisho. PrtSc kavu kavu kwa kawaida haisevu kitu, inanakili tu skrini kwenye klipibodi (pale kompyuta inaposhikilia kwa muda ulichonakili mpaka ukibandike), na klipibodi ya Windows usipobadilisha mpangilio wake inashika kitu kimoja tu, ukinakili kingine cha kwanza ndo kimeenda hivyo.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Ukurasa wa malipo nikabonyeza, wa vyeti nikabonyeza, ule wa mwisho wenye namba ya maombi, ile wanakwambia itunze haitaonekana tena, nikabonyeza kwa mbwembwe zote. Kabla sijafungua Word kuna mtu akaniomba imeili yangu, nikainakili, nikamtumia, nikafunga na kivinjari kabisa maana kazi si imeisha. Nafungua Word, Ctrl+V, inatoka imeili yangu. Nabonyeza tena, imeili nyingine pembeni ya mwenzake. Nikaendelea kugonga nikidhani picha ziko foleni huko nyuma, ukurasa ukajaa imeili yangu juu mpaka chini. Faida niliyopata ni kwamba siku hizi siisahau.

Ada nikalipa upya. Nilipowapigia wahusika wakasema nitaje namba ya maombi ndipo wanitafutie namba ya maombi. Sasa ningekuwa nayo ningepiga simu ya nini jamani?

Ila hasira zangu zote ziko kwa yule jamaa wa video za mafunzo. Kabonyeza PrtSc, video ikakatwa, ikirudi folda iko wazi na picha imo ndani, "mnaona ilivyo rahisi?" Imefikaje humo hakusema! Nimekuja kujua baadaye kwamba kuna programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni kama OneDrive ukiiwashia mpangilio wake inakusevia yenyewe kila ukibonyeza, yake bila shaka ilikuwa imewashwa. Na kwenye Windows 11 za sasa hiyo PrtSc inaweza hata isipige skrini nzima, inakufungulia Snipping Tool, programu ya Windows ya kupiga picha za skrini, uchague kipande, kwa hiyo video za zamani zitakuchanganya zaidi.

Wewe shika Windows + PrtSc kwa pamoja (laptopu nyingine mpaka uongeze Fn). Skrini inafifia kidogo kama imekonyeza, hapo ndo ujue imesevu. Halafu, na hapa ndo watu wanazembea, nenda Pictures, ingia Screenshots, ifungue hiyo picha, ikuze, isome namba tarakimu kwa tarakimu. Umeisoma? Haya sasa funga ukurasa. Kama hujaisoma usifunge, hata nyumba iwe inaungua, toka na laptopu ikiwa wazi.

Najua wajuaji watakuja kusema si kuna Windows + V, ile historia ya klipibodi. Ipo ndiyo, inatunza mpaka vitu 25, ila lazima uwe umeiwasha KABLA, ukiiwasha baada ya msiba haifufui mtu, na ukizima na kuwasha laptopu kila ambacho hukukipini (hukukibana kisifutwe) kinafutika. Wa Mac nao wasicheke, Cmd + Shift + 3 inaweka picha kwenye desktopu vizuri tu, ongeza Control uone inavyoishia klipibodi kama sisi.

Kwani umeshaanza kujaza? Kama umeanza na ulishabonyeza, nenda sasa hivi kabandike hiyo iliyomo kabla hujanakili kitu kingine chochote, hata hili jibu langu usilinakili.