Chungwa la kijani na soko la nje

SWALI: Nina michungwa 120 aina ya Valensia. Machungwa yanaiva na yana utamu, ila ganda linabaki kijani. Dalali anasema ya kijani hayauziki nje, hivyo ananunua kwa bei ya kutupa. Ni kweli?
Msomaji, Nachingwea, Lindi

JIBU: Dalali anakupunja. Ganda hugeuka rangi pale usiku unapopoa hadi kama nyuzi 13, na kwetu huku Kusini usiku ni wa joto. Viwango vya kimataifa vinalijua hilo. Chungwa la ukanda wa joto na unyevunyevu linaruhusiwa kuwa na ukijani unaozidi moja ya tano ya ganda, mradi maji yake yasipungue asilimia 45 ya uzito. Valensia iliyogeuka rangi hudaiwa asilimia 35 tu. Kipenyo kisipungue milimita 53.

Pima mwenyewe kabla ya kubishana. Chuma machungwa kumi kutoka miti tofauti, yapime, kamua, chuja, kisha pima maji. Kilo 2 zikitoa gramu 900, umefika. Zikitoa 800, ngoja wiki mbili urudie.

Kazi kubwa iko kwa wadudu: nzi wa matunda, na kiwavi wa nondo anayetoboa chungwa akaacha kitundu kidogo chenye uchafu wa kahawia. Tangu 2022 Umoja wa Ulaya unataka machungwa ya nchi zenye nondo huyo yapozwe kwa siku nyingi, karibu na nyuzi sifuri. Hata Afrika Kusini, yenye vyumba vingi vya baridi, ilipeleka malalamiko Shirika la Biashara Duniani. Kwa hiyo Ulaya iache kwanza. Wakenya wananunua machungwa ya Tanga miaka yote. Kontena la baridi la futi 40 hubeba zaidi ya tani 20, na miti 120 haikujazii. Unganeni, kama mnavyouza korosho kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima.

Shambani, okota yaliyoanguka mara mbili kwa wiki, uyafukie nusu mita kwenda chini. Usichume umande haujakauka: ganda lililojaa maji likiminywa hutoa mafuta yanayoliunguza, na madoa hujitokeza siku chache baadaye, mzigo ukiwa njiani. Kata kikonyo kwa mkasi, usivute. Penye jeraha ukungu wa kijani huingia. Tumia kreti, lumbesa waachie wengine. Na mkaguzi wa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, mwite mapema, machungwa yakiwa bado mtini, maana bila cheti cha afya ya mimea mzigo hauvuki mpaka.