Kupeleka Mkutano wa Teknolojia na Jamii Katika Nchi Usiyoijua

Siku ya pili ya mkutano wa kwanza niliouratibu nje ya nchi yangu, mama mmoja aliyeketi safu za nyuma aliomba kipaza sauti, akasimama, akazungumza kwa dakika nne hivi kwa lugha ya nchi ile. Wenyeji waligeuka kumtazama, baadhi yao wakitikisa vichwa kwa kuafiki, na alipomaliza wakampigia makofi ambayo hayakuwa yamesikika ukumbini tangu ufunguzi. Sisi waandaaji, pamoja na wageni tuliotoka nje, tulipiga makofi pia ingawa hatukuelewa hata neno moja. Tulikuwa tumekodi kibanda cha ukalimani na visikizi 120, lakini mkataba tulioutia saini ulikuwa wa upande mmoja tu: wakalimani waliajiriwa wawafasirie wenyeji maneno yetu, wala hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba sisi nasi tungehitaji kuwasikia wenyeji.

Jioni ile kijana mmoja aliyekuwa akijitolea mapokezini ndiye aliyenieleza alichosema yule mama. Vidole vyake vimesagika kwa kazi za mikono za miaka mingi, na mashine ya alama za vidole imeshindwa kuvisoma, hivyo laini yake ya simu imesajiliwa kwa kidole cha bintiye. Swali lake lilikuwa hili: ikiwa fedha zilizo ndani ya simu ni zake na kidole si chake, mbele ya sheria mwenye simu ni nani? Asubuhi ya siku hiyohiyo jopo la wataalamu watano lilikuwa limejadili utambulisho wa kidijitali kwa saa nzima bila kulikaribia swali hilo.

Tangu wakati huo, mtu anayetaka kuuhamishia mkutano wake nchi nyingine akiniomba ushauri, humsimulia kwanza habari za mkataba ule wa ukalimani, kwa kuwa ndani yake yalikunjwa makosa yetu yote. Mkutano wa teknolojia na jamii ukihama bila uangalifu, teknolojia husafiri nao, na jamii inayosafiri nao ni ileile ya watu waliozoea kukutana kila mwaka na kuitana kwa majina. Jamii ya nchi iliyoupokea hubaki kuwa hadhira.

Kwa hiyo jambo la kwanza si kutafuta ukumbi. Ni kueleza kwa maandishi, kwa sentensi ambazo mwenyeji anaweza kuzisoma bila kukasirika, kwa nini unakwenda kwao. Sababu nzuri zipo. Mwaka 2018 watafiti kadhaa wa akili unde (AI) kutoka Afrika walinyimwa viza za kwenda Montreal kuhudhuria mkutano mkubwa wa fani yao, na jambo hilo likawafanya wengi wajiulize kwa nini mikutano ya namna hiyo ifanyike daima mahali ambapo baadhi ya watu hawawezi kuingia. Mkutano mwingine wa fani hiyohiyo, ICLR, ulipangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, ukahamishiwa mtandaoni kwa sababu ya janga la UVIKO-19, na hatimaye Mei 2023 ukafanyika Kigali. Hiyo ni sababu inayoeleweka na ambayo mtu yeyote anaweza kuipima: nani ambaye hakuweza kufika awali, na sasa ataweza? Sababu yetu sisi, nikiri, ilikuwa kwamba wafadhili walipenda kuona jina la nchi mpya kwenye ripoti.

Ukishajua sababu, tafuta mshirika mwenyeji, na hapo usiwe na haraka. Mara ya kwanza tulitia saini hati ya makubaliano na taasisi kubwa iliyojibu barua zetu siku hiyohiyo na kwa lugha tuliyoizoea. Ilitupatia ukumbi, nembo na mgeni rasmi. Haikutupatia watu, kwa sababu haikuwa ikiwafahamu wale ambao maisha yao yanaguswa na mifumo tuliyokusudia kuijadili. Mara ya pili nilikaa katika nchi husika majuma matatu kabla ya kuahidi lolote, na kila niliyezungumza naye nilimwomba anitajie mtu mmoja asiyekubaliana naye. Njia hiyo huchosha, lakini baada ya mazungumzo kumi na mawili au kumi na matano utayaona makundi yaliyomo, ugomvi wa zamani uliopo kati yao, na mtu au shirika dogo ambalo pande zote hulitaja kwa heshima. Huyo ndiye mshirika, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja na barua zako atazijibu baada ya siku nne.

Mshirika huyo apewe mamlaka, na mamlaka yaandikwe. Kamati ya ratiba iwe na wenyeji angalau nusu, nao wawe na haki ya kukataa mada. Kamati ya namna hiyo iliwahi kulifuta jopo nililolipenda kuliko yote, lililohusu mustakabali wa akili unde, na mahali pake ikaweka kikao juu ya mikopo ya simu na namna wakopeshaji wanavyowapigia simu ndugu na marafiki wa mdaiwa. Nilinuna kwa siku mbili. Kikao hicho kilijaza ukumbi hadi watu wakaketi sakafuni.

Tarehe ziamuliwe na wenyeji pia. Mgeni hutazama kalenda akaona juma lililo wazi, ilhali mwenyeji analiona likiwa la mitihani, la mfungo au la kampeni. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kwa takriban siku 10 au 11 kila mwaka ikilinganishwa na kalenda ya kawaida, kwa hiyo juma lililofaa mwaka huu huenda lisifae miaka miwili ijayo. Uchaguzi ndio wa kuogopwa zaidi na watu wa kazi hii: Januari 2021, kwa mfano, intaneti ilizimwa nchini Uganda wakati wa uchaguzi mkuu, na mkutano wa teknolojia usiokuwa na mtandao ni jambo ambalo hata wafadhili wavumilivu hawatalielewa.

Viza zianze kushughulikiwa kabla ya ratiba kukamilika. Uliza ubalozi, kwa maandishi, ni aina gani ya viza inayomruhusu mtu kuzungumza mkutanoni, kwa kuwa katika nchi nyingi kuketi na kusikiliza huhesabiwa tofauti na kutoa mada, hasa kwa malipo. Uliza pia barua ya mwaliko inatakiwa itolewe na nani, maana mara nyingi barua ya shirika la nje haina uzito wowote na ile ya taasisi iliyosajiliwa nchini ndiyo inayotazamwa. Zingatia kwamba wapo watu wasiokuwa na ubalozi wa nchi hiyo karibu nao, ambao hulazimika kusafiri kwanza kwenda nchi ya tatu ili kuomba viza tu. Nauli ya safari hiyo iwemo katika bajeti. Mimi huwapa waalikwa barua miezi mitano kabla, na anayesuasua humkumbusha kila juma bila haya.

Vifaa navyo vina viza yake. Kamera, vinasa sauti na mitambo ya kurushia matangazo vikiingia bila hati, forodha inaweza kuvihesabu kuwa bidhaa na kudai ushuru. Vyetu vilizuiliwa hadi siku ya pili, na kikao cha ufunguzi kikarekodiwa kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Katika nchi zilizokubali utaratibu huo ipo hati ya ATA Carnet, inayoruhusu vifaa kuingia kwa muda na kutoka bila ushuru, nayo hudumu hadi mwaka mmoja. Haihusu vitu vitakavyotumika vikaisha au kugawiwa, kama vile vitabu vya zawadi, na ni lazima igongwe muhuri wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Hata hivyo, njia rahisi kuliko zote ni kukodi vifaa huko huko, jambo ambalo pia hukuepusha na vipaza sauti visivyotumia waya vinavyofanya kazi katika masafa yasiyoruhusiwa katika nchi hiyo.

Mtandao wa ukumbini ni mahali ambapo maneno ya meneja hayatoshi. Tulihakikishiwa kwamba kasi ni kubwa, na kweli ilikuwa kubwa, lakini saa tatu asubuhi watu wakaanza kulalamika kwamba simu zao zinaonesha zimeunganishwa na hazipati kitu. Ilituchukua nusu siku kugundua kwamba kifaa cha kugawa mtandao kilikuwa na anwani 254 tu za kuwapa watumiaji, yaani namba ambazo kila simu au kompyuta hupewa moja ili iweze kutumia mtandao, wakati tulikuwa na watu 300 na karibu kila mmoja alikuja na simu na kompyuta. Aliyewahi alipata anwani na kuikalia kwa saa 24, hata akiwa amekwisha kurudi hotelini kwake. Suluhisho halikugharimu kitu: fundi alipanua idadi ya anwani na kupunguza muda wa kuzimiliki hadi saa moja. Siku hizi huuliza mambo matatu kabla ya kulipa amana, yaani idadi ya anwani, kasi ya kupakia kwa ajili ya matangazo ya moja kwa moja, na kama vifaa vya kurushia Wi-Fi vinatumia bendi, yaani masafa ya mawimbi, ya gigahezi 5. Ile ya 2.4 ina njia tatu tu zisizoingiliana, na ukumbi uliojaa watu huzimaliza upesi.

Nirudi kwenye lugha, kwa kuwa hapo ndipo fedha zinapotumika vizuri kuliko mahali pengine popote. Ukalimani wa papo kwa papo huhitaji wakalimani wawili kwa kila jozi ya lugha, wanaopokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu akili ya binadamu haiwezi kusikiliza na kusema kwa pamoja kwa muda mrefu bila kukosea. Wapewe hotuba na slaidi mapema, pamoja na orodha ya istilahi iliyokubaliwa na wenyeji, kwani maneno kama faragha, ridhaa na algoriti mara nyingi yana tafsiri mbili au tatu zinazoshindana, na tafsiri isiyofaa inaweza kuugeuza mjadala mzima. Mkataba useme wazi kwamba ukalimani ni wa pande zote, na kisikizi apewe kila anayeingia. Kikao kimoja au viwili viendeshwe kwa lugha ya wenyeji tangu mwanzo hadi mwisho, wageni wakiwa ndio wanaosikiliza kwa vifaa.

Kuhusu usalama sina budi kusema waziwazi. Mgeni akiikosoa serikali au kampuni jukwaani, kesho yake hupanda ndege; mwenyeji aliyetikisa kichwa kukubaliana naye hubaki. Ndiyo maana uamuzi wa kurekodi, kurusha matangazo au kuchapisha majina si wa mratibu anayetoka nje. Tulianza kutumia kamba za beji za rangi mbili, moja ikimaanisha kwamba mvaaji hataki kupigwa picha, na mpiga picha asiyeheshimu rangi hiyo huondolewa ukumbini. Mwanasheria wa nchi hiyo asome ratiba kabla haijatangazwa. Fomu ya usajili iulize machache iwezekanavyo, kwa kuwa orodha ambayo hukuikusanya haiwezi kuibwa wala kudaiwa na mtu yeyote.

Fedha nitazigusia kwa ufupi. Usimwambie mshiriki alipe nauli kwanza kisha arudishiwe baada ya mkutano, kwa sababu wale unaowahitaji zaidi hawana cha kutanguliza. Uliza mapema kama malipo ya wazungumzaji yanakatwa kodi ya zuio, yaani ile anayoizuia mlipaji kabla ya kulipa, na ni nani atakayeiwasilisha. Malipo yanayovuka mipaka hukaa njiani muda mrefu kuliko benki inavyoahidi.

Mkutano ukiisha, rekodi na maazimio yabaki kwa wenyeji kwa lugha yao, taarifa za usajili zifutwe katika tarehe iliyoahidiwa, na madeni yote ya ukumbi na wakalimani yalipwe kabla ya wewe kuondoka, maana atakayefuatwa ni mshirika wako. Katika nchi ile ya pili wenyeji waliitisha mkutano wao wenyewe mwaka uliofuata, wa siku mbili, na jina la shirika letu halikuwamo katika orodha ya waandaaji. Waliniandikia mara moja tu, wakinitaka niwaunganishe na yule fundi aliyetatua suala la anwani 254.