Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo Ukiwa Tanga: Pesa Ianzie Wapi

Vijana wanaonifuata kuuliza kuhusu kompyuta ya gemu karibu wote huanza hivi: "Kaka, nichukue i5 au i7?" Nami huwauliza: utacheza gemu gani, kwenye skrini gani, na nyumbani kwenu umeme ukoje? Hizo ni aina za prosesa, yaani ubongo wa kompyuta; ndiyo iliyobandikwa stika usoni mwa mashine, ndiyo maana kila mtu anaikimbilia. Kwa mwenye bajeti ndogo anayeishi Tanga, ambako umeme hupanda na kushuka, na duka lenye waranti mara nyingi liko Dar es Salaam, kilomita kama 350 kwa basi, kifaa cha kufikiria kwanza ni pawasaplai, ile inayogawa umeme ndani ya kompyuta.

Najua haina mvuto. Haiongezi hata fremu moja kwenye gemu. Lakini ndiyo inayolisha umeme kila kifaa kingine, na ikifa vibaya inaweza kuondoka na madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa), kadi ya grafiki inayochora picha, na diski kwa mara moja. Nimefungua mashine za majirani Chumbageni na Ngamiani ambazo kadi ilikuwa nzuri, ram nzuri, kila kitu kimechaguliwa kwa makini, halafu ndani mna pawasaplai nyepesi iliyokuja na kesi. Inauma kumwambia kijana aliyejinyima miezi mingi kwamba kadi yake imeungua.

Kwenye boksi la pawasaplai ya namna hiyo utakuta imeandikwa wati 500. Usiishie kwenye boksi. Geuza pawasaplai yenyewe, soma jedwali lililobandikwa ubavuni, tafuta safu ya volti 12. Prosesa na kadi ya grafiki hula umeme wao karibu wote kutoka hapo. Zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa. Ukikuta ampea 18, hiyo ni wati 216, hata boksi liseme nini. Pawasaplai ya wati 500 iliyo ya kweli huonyesha ampea karibu na 40 kwenye safu hiyo. Hesabu hii inafanyika dukani kwa simu, na muuzaji akikataa usifungue boksi, nenda duka jingine.

Alama ya 80 Plus ni nzuri kuiona, ila ijue kazi yake: inaeleza ni sehemu gani ya umeme inatumika bila kupotea kama joto. Haithibitishi kwamba pawasaplai itajikata yenyewe volti zikipanda. Kwa hilo tegemea kampuni inayojulikana, na waranti ya miaka, si ya wiki mbili. Na kama unanunua mtumba, angalia nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 bila kugeuza swichi hiyo, utasikia mlio mmoja na mambo yamekwisha.

Baada ya pawasaplai, tenga pesa ya UPS, betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Ya VA 650 huwa na uwezo wa wati kama 360, inatosha kabisa kwa kompyuta ndogo na skrini yake. Haikusudiwi uendelee kucheza gizani. Inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Umeme ukirudi, ngoja kidogo kabla ya kuwasha. Mara nyingi ni ule mrudi wa kwanza unaoharibu vifaa, kuliko kukatika kwenyewe.

Sasa tuje kwenye mashine. Zipo njia mbili, na kwa wengi wetu ya kwanza ndiyo inayowezekana: kununua kompyuta ya ofisi ya mtumba, aina ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuongeza kadi. Ni njia nzuri, siidharau hata kidogo. Prosesa kama Core i5-8500 ya mwaka 2018 ina koa 6 (sehemu zake za kufanyia kazi) na bado inacheza gemu nyingi vizuri. Hiyo ni ya kizazi cha 8; usishuke chini ya hapo kama unaweza, kwa sababu Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel za vizazi vya nyuma yake, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant kwa mfano, ukiwa kwenye Windows 11, inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele viwili vya usalama, viwe vimewashwa. Mwambie muuzaji aingie kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijaanza) akuonyeshe hayo mawili kabla hujatoa pesa.

Mtego wa mashine za ofisi ni umbo. Zile nyembamba zinazolala mezani huwa na pawasaplai ya wati 200 hivi, yenye plagi za kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kuitoa na kuweka ya kawaida. Humo inaingia kadi fupi ya kimo (low profile) tu, isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. GTX 1650 fupi inakaa vizuri kwa sababu inatumia wati 75, ambazo slotu yenyewe, pale kadi inapochomekwa kwenye madabodi, inaweza kutoa. RX 6400 inatumia pungufu ya hapo, wati 53, na ndiyo maana wauzaji wanaisifu kwa mashine hizi. Wasichosema ni kwamba kadi hiyo, pamoja na kaka yake RX 6500 XT, inapitisha data kwenye njia 4 tu za PCIe, muunganisho wa kadi na madabodi. Kwenye madabodi mpya ya PCIe 4.0 si tatizo kubwa. Kwenye mashine ya ofisi ya 2018, ambayo ni PCIe 3.0, kasi ya njia hizo hupungua nusu, na gemu nzito huanza kukwama. Ukipata mashine ya mnara, ile ndefu ya kusimama, ichukue hata kama inaonekana kubwa na ya kizamani. Ina nafasi, hewa inapita, na kadi ndefu inaingia.

Njia ya pili ni kuunda mwenyewe. Hapa nasimama na AM4 ya kampuni ya AMD, yaani soketi, kitako ambacho prosesa hukaa kwenye madabodi. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na soketi nyingi za Intel zimekuwa hivyo: vizazi viwili, basi, madabodi haifai tena. AM4 ilianza 2016, prosesa za kwanza za AMD ziitwazo Ryzen zikaingia mwaka uliofuata, na bado zinapatikana prosesa za mfululizo wa 5000 zinazokaa kwenye madabodi za zamani, ilimradi BIOS imesasishwa. Faida yake kwa mtu wa kununua kidogo kidogo ni kubwa: anza na Ryzen ya bei ndogo leo, mwakani badilisha prosesa peke yake.

Kama huna pesa ya kadi kabisa kwa sasa, Ryzen 5 5600G ina grafiki ndani yake na itakuchezea eFootball, Valorant na GTA V kwa mpangilio wa chini hadi wa kati. Lakini weka ram mbili za GB 8, si moja ya GB 16. Grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inaazima ram ya mashine, na ram mbili zinafungua njia mbili kwa pamoja. Tofauti yake utaiona kwa macho. Kama kadi utainunua muda si mrefu, chukua 5600 isiyo na G, ambayo ina akiba kubwa zaidi ya kumbukumbu (cache) ndani ya prosesa na inasukuma kadi vizuri zaidi. Na ukienda upande wa Intel, ile herufi F mwishoni, kama i5-12400F, maana yake haina grafiki. Bila kadi hutaona kitu kwenye skrini.

Kadi ya grafiki ndiyo inayostahili fungu kubwa la pesa, na ndiyo yenye ulaghai mwingi. Kwa skrini ya 1080p (Full HD) ningechagua RX 6600 ya GB 8: inatumia wati 132, na AMD yenyewe inapendekeza pawasaplai ya wati 450. Kwa mfuko mdogo zaidi kuna RX 580 ya GB 8, ya mwaka 2017, yenye nguvu ya kutosha lakini inameza wati 185. Kadi hizi nyingi zilichimbia sarafu za kidijitali za Ethereum usiku na mchana, mpaka Septemba 2022 mfumo ule ulipoacha kutumia kadi, na wachimbaji wakaziuza kwa wingi. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila lazima ijaribiwe. Icheze gemu nzito nusu saa ukiangalia: michirizi ya rangi, vidoti, skrini kuwa nyeusi ghafla, feni zinazonguruma.

Halafu fungua programu ya bure inayoitwa GPU-Z. RX 580 kamili inaonyesha shader (vitengo vidogo vya kuchora picha) 2304. Ipo nyingine inauzwa kwa jina hilohilo ikiwa na 2048. Hiyo inafaa pia, lakini kwa bei ya chini. Kwa kadi za NVIDIA, GPU-Z huandika wazi kama kadi ni ya zamani iliyobadilishwa jina, na GTX 1050 Ti bandia za namna hiyo ni nyingi. Ukinunua Kariakoo, fanya majaribio hayo hukohuko kabla ya kupanda basi la kurudi. Ukiwa unasafirisha mashine nzima, ichomoe kadi uibebe peke yake kwenye mfuko wake, maana matuta ya njiani yanaweza kuvunja slotu.

Diski sina mengi: SSD, hata ya GB 500, na hata diski ya zamani kwa kuhifadhia. GTA V pekee inachukua zaidi ya GB 70, kwa hiyo GB 240 itakubana mwezi wa kwanza.

Jambo la bahari ni zito zaidi. Anayekaa Raskazone au karibu na ufuko anajua jinsi chumvi inavyokula bati na bawaba za madirisha, na humo kwenye kompyuta inafanya vilevile. Usiweke mashine chini ya dirisha linalopokea upepo. Chagua kesi yenye wavu mbele na feni mbili, achana na yenye kioo kitupu mbele, kwa sababu wakati wa kaskazi chumba chenyewe tayari ni cha moto. Iwashe mara kwa mara hata wakati wa mitihani. Mashine inayokaa imezimwa wiki nyingi kwenye unyevu wa masika ndiyo inayoanza kukataa kuwaka. Ikikataa, zima, chomoa waya, toa ram, futa meno yake kwa raba laini na spiriti, acha ikauke, rudisha. Na mashine ya mtumba ibadilishwe pesti ya prosesa (dawa ya kupitisha joto lake) siku ileile inapofika.

Kuhusu bando, Steam, duka la gemu la mtandaoni, tangu 2023 inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani kupeana faili za gemu moja kwa moja, kila mmoja akiwa na akaunti yenye gemu hiyo. Rafiki mmoja mwenye intaneti ya kulipia kwa mwezi apakue, wengine mje na mashine zenu na waya wa mtandao, mnakili jioni moja.