Muda wa kukijua Kiesperanto vizuri
Ukijifunza Kiesperanto, lugha iliyobuniwa kwa mawasiliano ya kimataifa, saa moja kila siku, miezi mitatu hivi inatosha kusoma na kuandika mambo ya kawaida. Kuongea bila kusitasita, hesabu miezi sita hadi mwaka. Siri ni sarufi yake: hakuna kitenzi hata kimoja kinachovunja kanuni. Kitenzi kikiishia -as ni wakati uliopo, -is uliopita, -os ujao, basi. Msamiati nao unazaana wenyewe: lerni ni kujifunza, lernejo shule, lernanto mwanafunzi. Kinachosumbua ni ile -n ya yambwa (inayowekwa mwishoni mwa nomino inayotendewa), kwa sababu nomino za Kiswahili hazina alama hiyo. Nimewasaidia wanaoanza, na wanaokwama zaidi ni wale wanaosoma tu bila kupata mtu wa kuzungumza naye.