Sola ianze kwenye ramani

Ndugu, umeuliza kama uipange sola sasa kwenye ramani ya nyumba au usubiri ujenzi uishe. Ipange sasa. Paneli haitaki kivuli: hata cha tangi la maji, kikiangukia seli chache tu (vile vipande vidogo vinavyounda paneli), kinaweza kushusha umeme wa paneli zote zilizoungwa mfululizo. Tangi na dishi vihamie upande mwingine. Ukiwa kusini mwa ikweta, mteremko mkubwa wa paa uelekee kaskazini. Ukiwa kaskazini, kinyume chake. Fundi aache bomba la nyaya ukutani, toka darini hadi zitakapokaa betri, maana kutindua plasta mpya kunauma (niulize mimi). Paneli zisilale juu ya bati, hewa ipite chini. Seli zikichemka, umeme hupungua.